Sekunde nane, miaka minane: maswali yenu kuhusu Makwan Amirkhani wa Ufini

Tangu tuweke ile picha ya Makwan Amirkhani, mpiganaji wa MMA (mapigano ya kizimbani yanayochanganya ngumi, mateke, magoti na mieleka), yuko hewani na goti limeshafika kidevuni kwa mpinzani wake Andy Ogle, meseji hazijakatika. Wengine mnauliza jamaa ni nani, wengine mnauliza kaishia wapi, kuna mama mmoja kauliza swali zito kuliko wote na nimemjibu mwisho. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nimeona hiyo klipu ya jamaa wa Ufini anammaliza mtu kwa sekunde nane, nikamwonyesha mshikaji wangu akasema hiyo bahati tu, yani kakimbia karuka basi. Tuambie ukweli, bahati au ufundi? Halafu jina lake halijakaa kama la watu wa kule, katokea wapi?

JIBU: Salama mdogo wangu. Nianze na kwao. Makwan kazaliwa mwaka 1988 Kermanshah, Iran, familia ya Kikurdi, wakahamia Ufini ye akiwa bado mtoto, akakulia huko na akaanza na mieleka, ndo baadae akaingia MMA na kujiita Mr. Finland. Hilo la mieleka lishike vizuri, bila hilo huwezi kuelewa kitu chochote alichofanya kwenye kizimba.

Sasa twende Stockholm, tarehe 24 Januari 2015, Tele2 Arena, uwanja wa mpira wenye paa, watu kama 30,000 ndani. Stockholm ni Uswidi, sawa, lakini ni ng'ambo tu ya Bahari ya Baltiki, meli za usiku zinatoka Helsinki na Turku zinakufikisha asubuhi, kwa hiyo kwa Mfini ni ugenini wa jirani. Na ratiba ilipangwa kufuata televisheni ya Marekani, watu wanapigana usiku wa manane kuelekea alfajiri. Makwan ndo pambano lake la kwanza UFC, ile ligi kubwa ya MMA ya Marekani, anaingia na rekodi ya kushinda 10 na kupoteza 2, nje ya kwao watu wachache sana walikuwa wanamjua. Mpinzani Muingereza, Andy Ogle, yeye alishazoea taa za UFC.

Irudie klipu lakini safari hii usimwangalie Makwan, mwangalie Ogle. Refa anaruhusu, Makwan anatoka kwenye kona yake mbio, na Ogle naye anatoka kuja katikati kama mtu yeyote anavyotoka raundi ya kwanza, bado anapima umbali, bado hajaamua atarusha nini. Ukikimbiliwa na mtu wa mieleka kichwani unakuwa na wazo moja tu, huyu anakuja kushika miguu yangu, na ukishawaza miguu mwili unashuka na kidevu kinashuka nao. Goti la kuruka linakutana na kidevu hapo hapo. Ogle akadondoka, ngumi zikafuata, refa akaingia, saa inasoma 0:08.

Kwa hiyo jibu langu kwa mshikaji wako: bahati ipo, siikatai, goti la aina hiyo likikosa unatua huna balansi na mwenzako kakushika kiuno. Lakini lile ni shambulio linalotegemea mpinzani awe anaogopa kitu kingine, na Makwan alikuwa nacho hicho kitu kingine. Jorge Masvidal alikuja kufanya jambo la ukoo huo huo Julai 2019 kwa Ben Askren, sekunde tano, ndo rekodi ya UFC, na pale Askren alikuwa anainama kufuata miguu. Magoti haya yanaishi palepale mieleka ilipo.

SWALI: Anko, ni kweli alilipwa dola 50,000 kwa sekunde nane? Mbona sisi tunaenda kazini mwezi mzima.

JIBU: Hiyo 50,000 ni bonasi ya usiku, UFC wanampa aliyefanya vizuri kuliko wengine, inakuja juu ya malipo ya pambano. Ni kweli aliipata. Ila usipige hesabu ya sekunde nane, piga hesabu ya miaka aliyopigana mapambano 12 kwao na kwingine kabla hajaitwa, kwenye shoo ambazo hela yake ni ndogo. Na mpiganaji wa UFC hana mshahara wa mwezi. Analipwa akipigana, sehemu moja kwa kuingia kizimbani na sehemu nyingine kama akishinda, kwa hiyo majaji wakimnyima pambano nusu ya hela inaondoka. Humo humo kuna meneja, kuna kocha, kuna jimu, kuna kodi. Julai 2015 ikaja ile ya jezi za Reebok, wadhamini binafsi kwenye bukta wakapigwa marufuku, na mwenye mapambano yasiyozidi matano akawa anapewa dola 2,500 kwa pambano kuvaa nguo zao. Makwan alikuwa humo humo kwenye kundi hilo, wakati jina lake ndo lina moto kuliko kipindi kingine chochote, yani wakati ambao angeweza kuuza bukta yake kwa bei anayotaka. Hilo linaniuma mpaka leo nikiliwaza, sio kwake tu, kwa vijana wote walioingia kipindi kile.

SWALI: Habari mhariri. Mimi ni shabiki wa siku nyingi wa MMA na sipendi mnavyompamba huyu jamaa. Takwimu ziko wazi, UFC kapigana 14, kashinda 7 kapoteza 7, mwishoni wakaachana naye. Goti moja limembeba miaka yote. Nakosea wapi?

JIBU: Hesabu yako iko sahihi kabisa ndugu yangu, saba kwa saba, na jumla alitoka na 17 kwa 9. Unapokosea ni hapo kwenye kubebwa na goti, mi naona goti lilimwekea mzigo.

Tazama ilivyokwenda. Baada ya Ogle, Juni 2015 Berlin anampiga kabali Masio Fullen raundi ya kwanza. Februari 2016 London anamshinda Mike Wilkinson, majaji wote watatu. Tatu kwa tatu, safi. Halafu kimya, mpaka Machi 2017. Hapo anapoteza kwa Arnold Allen, majaji wakigawanyika. Kimya tena mpaka Mei 2018, Liverpool, anamshinda Jason Knight, majaji wamegawanyika tena. Kimya tena mpaka Juni 2019. Yani 2016 pambano moja, 2017 moja, 2018 moja. Mtu ana miaka 27 mpaka 29, umri ambao mwili unakubali kila kitu, anaingia kizimbani mara moja kwa mwaka.

Mazoezini unaweza kukimbia, unaweza kusukumana na wenzako kule jimu kwa John Kavanagh Dublin, ambako Makwan alikuwa anajifua, lakini kuna pumzi ambayo inajengwa na pambano lenyewe, kujua dakika ya kumi na mbili mikono ikiwa mizito unafanya nini. Mtu wa mieleka anakula nguvu nyingi mno raundi ya kwanza, kumnyanyua mtu wa kilo 66 anayekataa kunyanyuliwa si mchezo (uzito wa unyoya ni pauni 145, ndo hizo karibu kilo 66). Sasa mwangalie Novemba 2019 pale Madison Square Garden, New York, UFC 244, anakutana na Shane Burgos. Raundi ya kwanza Makwan anampeleka chini, anamtawala, unasema leo limeisha. Ya pili Burgos anaanza kumfikia mwilini na usoni, ya tatu Makwan hana miguu, refa anasimamisha. Pambano lile moja lina kazi yake yote ndani, uzuri wake na pengo lake.

Na waliomshinda ni kina nani? Allen na Lerone Murphy wote walikuja kupanda juu sana kwenye uzito ule. Edson Barboza, Oktoba 2020 Abu Dhabi, jina kubwa, na Makwan aliingia kuziba nafasi ya Sodiq Yusuff aliyejitoa, alipigana raundi zote tatu akashindwa kwa pointi. Hawa sio watu wa kumcheka mtu kwa kupoteza kwao. Kamuela Kirk, Juni 2021, hapo nakubaliana na wewe, lile alitakiwa kushinda.

Halafu ile ya Murphy, UFC 267, Oktoba 2021. Hii naitazama kwa shida. Raundi ya kwanza Makwan kaipata vizuri, kamweka mtu chini. Raundi ya pili inaanza, anashuka kufuata miguu, Murphy anapandisha goti. Sekunde ya 14. Makwan kazimika. Goti lile lile lililompa jina, kwa sababu ile ile niliyomweleza mdogo wangu hapo juu, kichwa kimeshuka na kidevu kimeshuka nacho.

Mwisho wake ulikuja London, Julai 2022 kwa Jonathan Pearce kwa TKO (refa kasimamisha kipigo), Machi 2023 UFC 286 kwa Jack Shore kwa kabali ya nyuma, yote raundi ya pili. Mapambano sita ya mwisho kashinda moja. Kuachwa naye ni kazi ya kawaida ya UFC, siwalaumu. Ila miaka minane kwenye kampuni ile, kwenye uzito ule, si kitu cha goti moja. Goti linakupa pambano la pili, labda na la tatu. La kumi na nne unalipata kwa kazi.

SWALI: Kaka samahani, hiyo anakonda ni nini hasa? Nasikia watangazaji wanapiga kelele anakonda anakonda halafu naona tu watu wamelala wanabingirika.

JIBU: Swali zuri, na hapa ndo Makwan halisi alipo kwa maoni yangu, kuliko pale Stockholm. Ni kabali. Tatu katika zile ushindi saba ni za kabali hii: Chris Fishgold Juni 2019 hapo hapo Stockholm raundi ya pili, Danny Henry Julai 2020 Abu Dhabi bila mashabiki kipindi cha korona, na Mike Grundy Machi 2022 London.

Inakuwa hivi. Mpinzani anakuja kushika miguu yako, wewe unatupa miguu nyuma na kumlalia kwa kifua, kichwa chake kinabaki chini ya kifua chako na yeye yuko magotini. Mkono wako unaingia kwa upande wa shingo, unapita chini ya koo, unatokea kwapani kwake upande wa pili. Ukishatokea, unaushika msuli wa mkono wako mwingine, kufuli imefungwa. Sasa shingo yake na bega lake moja viko ndani ya kitanzi kimoja. Mpaka hapo bado anapumua, watu wengi wanadhani limeisha kumbe ndo linaanza. Unabingirika naye mlale ubavu, halafu unatembeza miguu yako kuifuata miguu yake, kila hatua kitanzi kinakaza. Mshipa wa damu wa upande mmoja unabanwa na mkono wako, wa upande mwingine unabanwa na bega lake mwenyewe. Damu haifiki kichwani. Sekunde chache, ama anagonga ama analala.

Ndo maana unaona wanabingirika, kubingirika ndo sehemu ya kazi.

Na uone ubaya wake kwa mtu wa mieleka. Grundy yule ni mwanamieleka kweli kweli, ana medali ya shaba ya Michezo ya Jumuiya ya Madola 2014 Glasgow, kila kitu mwilini mwake kinamwambia nenda miguuni. Akakutana na Makwan, kabali ikamla sekunde ya 57 raundi ya kwanza. Makwan alikuwa ametoka kupoteza matatu mfululizo, tena la mwisho ni lile la kuzimwa na Murphy, watu walishamzika, na usiku ule akabeba bonasi tena. Kama una muda wa kuangalia pambano moja tu la huyu bwana, liache la Ogle, angalia hili.

SWALI: Shikamoo anko. Ufini ni nchi ya barafu na watu wachache, kabla ya Makwan walikuwepo wengine au ndo wa kwanza? Na wanawake je?

JIBU: Marahaba mwanangu. Walikuwepo, na mapema sana. Mei 1997, UFC 13, Mfini Tony Halme aliingia kupigana na Randy Couture. Halme alikuwa jitu la mieleka ya maonyesho, Wamarekani walimjua kwa jina la Ludvig Borga, na Couture siku hiyo ndo alikuwa anaanza MMA. Haikufika hata dakika, kabali ya nyuma. Couture akaenda kuwa bingwa mkubwa, Halme mwaka 2003 akachaguliwa mbunge Ufini, akafariki 2010.

Wakafuata wengine. Anton Kuivanen alimshinda Mitch Clarke UFC 149 mwaka 2012. Tom Niinimäki alimshinda Rani Yahya mwaka 2013. Na Teemu Packalén, huyu kidogo kafunikwa na kivuli cha Makwan, maana usiku ule ule wa Februari 2016 London Makwan anamshinda Wilkinson, Packalén alimpiga kabali Thibault Gouti kwa sekunde 24. Mwaka uliofuata, Machi 2017, London tena, wote wawili usiku mmoja tena, na wote wakapoteza, Packalén akizimwa na Marc Diakiese kwa sekunde 30. Ufini iliruka pamoja ikaanguka pamoja.

Lakini umeuliza wanawake na nashukuru umeuliza, kwa sababu mkanda mwanamke ndo aliuleta. Katja Kankaanpää, Desemba 2014, kwenye Invicta, ile ligi ya wanawake ya Marekani, alimpiga kabali Stephanie Eggink raundi ya tano akachukua ubingwa wa uzito wa straw, pauni 115, kama kilo 52. Raundi ya tano! Pambano la raundi tano ni dakika 25, na yeye akiwa ndani ya raundi ya mwisho bado ana nguvu ya kukaza kitanzi. Na kabali yenyewe ni ndugu wa anakonda, inaitwa brabo, tofauti ni kwamba mkono unaingilia kwapani na kutokea shingoni badala ya kuingilia shingoni. Mkanda ulitoka Aprili 2015 kwa Lívia Renata Souza wa Brazil. Kati ya ushindi wa Kankaanpää na goti la Makwan hazijapita hata wiki nane, lakini klipu ya sekunde nane ikazunguka dunia nzima na raundi tano za yule dada ukiziulizia wengi hawazijui. Wanangu wa kike mnaosoma hapa, zitafuteni.

SWALI: Kaka, mimi ni mama wa kijana wa miaka 15. Ameona hiyo video ya goti sasa kutwa anaruka sebuleni, anasema anataka kuwa kama yeye. Baba yake anasema nimkataze. Nimkataze au nimwache? Naogopa kichwa cha mwanangu.

JIBU: Dada yangu, hofu yako ni ya haki na sitaki nikuondolee yote. Kichwa kinachopigwa hakirudi kilivyokuwa kila mara.

Mimi nisingemkataza, ningemwanzisha pale Makwan alipoanzia. Mieleka, au judo, au jiu-jitsu, ambako hakuna ngumi ya kichwa. Akae huko miaka, ajifunze kuanguka, kushika, kugonga anapobanwa bila kuona aibu. Ngumi na magoti vitakuja akiwa mkubwa, kama bado anavitaka, na wengi wakionja mieleka vizuri hubaki huko huko. Kuanguka vibaya kupo na michubuko ipo, sikufichi, ila ni tofauti na kupigwa kidevuni kila jioni. Na hiyo ya kuruka sebuleni aache leo, goti la kuruka bila mtu wa kukusimamia linaumiza goti lako mwenyewe na la mdogo wako aliyekaa kwenye kochi.

Kabla hujamlipia popote, nenda mwenyewe ukae pembeni mazoezi yakiendelea, usikae ofisini kwa kocha. Angalia mtoto akigonga, mwenzake anaachia mara moja au anabana kidogo zaidi ili waonekane wanaume. Angalia wakubwa wanafanya mazoezi na wadogo au wamegawanywa kwa kilo. Halafu muulize kocha swali moja, mtoto akigongwa kichwa hapa akaona nyota, anarudi lini mazoezini? Wakubwa wanaolipwa, wakizimwa kwa KO, kamisheni za michezo zinawafungia wasiguswe kichwa, mara nyingi siku 30 mpaka 60, na wale ni watu wazima wenye madaktari. Kocha akikujibu kwamba kesho yake anarudi, au akacheka, mchukue mwanao mwondoke. Akikuambia harudi mpaka daktari amwone na dalili zote ziishe, na akakuonyesha wapi anaandika majina yao, mlipie mwezi wa kwanza, na uwe unaenda kumwangalia.